Kibo Chini ya Majivu: Modeli za Ardhi Iliyoganda na Haja ya Vipimo Vyetu

Ndugu zangu wa Tegeta, Wazo, Boko na Kunduchi, mada iliyotukutanisha ni ardhi iliyoganda, yaani udongo, changarawe au mwamba ambao joto lake halivuki nyuzi 0 za Selsiasi kwa muda usiopungua miaka 2 mfululizo. Wataalamu huiita pamafrosti. Imetanda katika takriban asilimia 15 ya nchi kavu ya nusu ya kaskazini ya dunia: Siberia, Alaska, Kanada, nyanda za juu za Tibeti. Ipo pia Tanzania, juu ya Kilimanjaro, chini ya majivu ya volkano ya Kibo, kwa viraka vidogo ambavyo wengi wetu hatujapata kusikia habari zake. Hoja ninayotaka kuitetea ni moja. Modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazokadiria ardhi hiyo itakuwaje dunia ikizidi kupata joto, zinastahili kuaminiwa kwa kadiri zinavyolishwa vipimo vilivyochukuliwa ardhini. Na hapo ndipo tulipojiweka nyuma, kwa sababu mlima ni wetu, lakini vipimo tunavyovitegemea vimewekwa na kusomwa zaidi na watafiti kutoka nje.

Historia ya jambo hili inaanzia kisimani. Mwaka 1828, katika mji wa Yakutsk huko Siberia, Fyodor Shergin, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya biashara, alianza kuchimba kisima akitafuta maji. Hadi mwaka 1837 shimo lilikuwa limefika mita 116, na chini kabisa bado palikuwa na udongo mgumu kama jiwe, pasipo hata tone. Maji hakuyapata, ila mwaka 1844 mwanasayansi Alexander von Middendorff aliliendea shimo hilo akiwa na vipimajoto, akasoma joto la kuta zake kuanzia juu hadi chini, na wasomi wa Ulaya waliokuwa wakibisha kwamba ardhi haiwezi kuganda kwa kina hicho wakakosa la kusema. Miaka 4 baadaye, Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro. William Desborough Cooley, bingwa wa jiografia aliyekaa London, alikataa katakata kwamba theluji inaweza kudumu karibu na Ikweta, na ubishi ule haukutulia mpaka Karl Klaus von der Decken alipofika mlimani na kuupima, mwaka 1861 na 1862. Wachagga walioishi chini ya mlima vizazi na vizazi hawakuhitaji kuthibitishiwa. Katika visa vyote viwili nadharia iliyotungwa mbali ilishindwa na mtu aliyefika mahali penyewe akiwa na chombo mkononi. Ningependa tulishike hilo, kwa maana kompyuta za leo, pamoja na nguvu zake zote, nazo hukaa mbali.

Modeli ya ardhi iliyoganda hufanyaje kazi? Msingi wake si siri. Mwaka 1822 Joseph Fourier wa Ufaransa alichapisha kanuni zinazoeleza jinsi joto linavyosafiri ndani ya vitu, na mwaka 1891 Josef Stefan wa Vienna akaonyesha kwamba unene wa barafu hukua kwa kipeuo cha pili cha muda wa baridi: ukitaka unene mara 2, unahitaji baridi ya muda mara 4. Modeli huigawa ardhi katika tabaka, kuanzia sentimita chache juu hadi mita kadhaa au makumi ya mita chini, kisha kwa kila tabaka huuliza ni joto kiasi gani limeingia, kiasi gani limetoka, na je, maji yaliyomo yameganda au yameyeyuka. Swali hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mchuuzi wa samaki wa Kunduchi analijua kwa vitendo. Barafu aliyoivunja na kuwamwagia samaki sandukuni huanza kuyeyuka asubuhi, lakini maji yake hubaki na ubaridi uleule hadi kipande cha mwisho kiishe. Baada ya hapo joto hupanda upesi na samaki huanza kuharibika. Sababu ni kwamba kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji joto linalotosha kuyapandisha maji ya uzito huohuo kutoka nyuzi 0 hadi 80. Ardhi nayo hufanya hivyohivyo. Kipimajoto kilichofukiwa humo kinaweza kusoma sifuri mwaka hadi mwaka, kana kwamba hakuna kinachotokea, kumbe barafu iliyoushikilia udongo inaliwa kidogo kidogo. Anayetazama joto peke yake atadhani ardhi imetulia. Modeli nzuri hutunza hesabu ya barafu iliyobaki, na kwa hiyo inaweza kueleza kinachoendelea wakati kipimajoto kimenyamaza.

Sasa tupande Kibo. Mwaka 2021 Kenji Yoshikawa wa Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks, Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts na wenzao walichapisha matokeo ya vipimajoto walivyovifukia katika vituo kadhaa, kuanzia chini ya mita 3,000 hadi kileleni. Huko Siberia joto la ardhi hupanda na kushuka kwa majira: miezi ya baridi kali, kisha kiangazi kifupi. Kilimanjaro, iliyo nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta, tofauti kati ya usiku na mchana ni kubwa kuliko tofauti kati ya mwezi na mwezi. Udongo wa juu huganda usiku na kuyeyuka baada ya jua kuchomoza, kisha huganda tena. Wimbi la joto la siku moja halizami mbali, huishia ndani ya makumi machache ya sentimita za juu, ilhali wimbi la mwaka mzima huweza kuzama mita 10 na zaidi. Kwa hiyo modeli iliyozoeshwa majira ya Siberia, ikiletwa hapa bila kurekebishwa, haitaelewa mlima huu.

Kibo ina mambo mengine ya kwake. Wastani wa joto la hewa karibu na kilele ni takriban nyuzi 7 chini ya sifuri, na kwa namba hiyo peke yake mtu angeapa kwamba eneo lote la juu limeganda kama chuma. Vipimajoto vya ardhini havikusema hivyo. Majivu ya Kibo ni meusi, jua la mita 5,800 ni kali na hewa ni nyembamba, hivyo ardhi hupata joto kuliko hewa iliyo juu yake, na ardhi iliyoganda imebaki kwa viraka karibu na kilele. Theluji ikianguka rangi hugeuka, mwanga mwingi hurudishwa angani, na hesabu yote ya siku hiyo hubadilika. Chini yake kuna jambo ambalo Siberia haina: Kibo ni volkano iliyolala, haijafa, na katika Shimo la Reusch, kreta ya ndani, mvuke wenye harufu ya kiberiti bado unatoka. Ardhi hiyo basi inapata joto kutoka juu na kutoka chini, na imebanwa katikati. Viraka vilivyobaki viko ukingoni kabisa mwa uwezekano wa kuwepo, na ndiyo maana vina thamani kubwa kwa anayetaka kujua kama modeli yake inasema kweli. Modeli ikikosea kidogo Siberia ya kati, kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, kosa halionekani, kwa sababu ardhi itabaki imeganda kwa vyovyote. Kosa la nusu nyuzi juu ya Kibo linafuta ardhi iliyoganda yote, au linaigandisha kreta nzima.

Modeli kubwa za tabianchi ya dunia haziuoni mlima huu hata kidogo. Huigawa dunia katika miraba ambayo kwa kawaida upande mmoja hufika kilomita 100 hivi. Mraba mmoja wa namna hiyo unaweza kuibeba Moshi, Himo, msitu, kilele na nyika za Amboseli kwa pamoja, kisha ukazipa sehemu zote hizo kimo kimoja cha wastani. Kilele cha mita 5,895 hufutika. Kinachobaki ni nyanda za juu zenye joto, ambako wazo la ardhi iliyoganda halipo. Simlaumu aliyetengeneza modeli hizo, kwani hakuzitengeneza kwa ajili ya Kibo. Lakini serikali au mfadhili anayesema kwamba data za dunia zinatutosha anapaswa kujua kwamba katika data hizo mlima mrefu kuliko yote Afrika hauna kilele.

Hapa najua pingamizi lililo midomoni mwa wengi, na ni pingamizi la haki. Tuliambiwa barafu ya Kilimanjaro ingekwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, barafu ipo, watalii bado wanapiga picha. Kwa nini tuamini tena? Makadirio yale yalitolewa na Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State na wenzake, katika andiko la Oktoba 2002, baada ya kutoboa barafu ya Kibo mwaka 2000 na kukuta sehemu yenye umri wa miaka ipatayo 11,700. Walilinganisha eneo la barafu, kilomita za mraba 12.1 mwaka 1912 dhidi ya 2.6 mwaka 2000, wakauendeleza mwelekeo huo mbele. Upungufu wenyewe ulikuwa wa kweli, na umeendelea: mwaka 2011 zilibaki kilomita za mraba 1.76. Tarehe ndiyo iliyokosea. Na tarehe ile haikutoka katika modeli ya aina ninayoieleza hapa. Ilitokana na mstari uliovutwa kutoka jana kwenda kesho, usiouliza jua, mvuke, theluji wala umbo la barafu iliyobaki. Waliofuata, ambao tangu Februari 2000 walikuwa na kituo cha hali ya hewa juu ya barafu ya kaskazini, walihesabu nishati inayoingia na kutoka; tena mwaka 2013, wakipima upya upungufu wa kila sehemu ya barafu na kuuendeleza mbele, waliandika kwamba hakuna uwezekano mkubwa wa barafu yoyote kubaki baada ya mwaka 2060. UNESCO nayo mwaka 2022 ilitaja mwaka 2050. Namba hizi bado zinatofautiana, lakini kila moja inaweza kuulizwa imetoka wapi, na mtu akaikagua hatua kwa hatua.

Modeli za ardhi iliyoganda nazo zina aibu yake, na naiona kuwa ushahidi mzuri upande wao. Desemba 2005 David Lawrence na Andrew Slater wa Marekani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba, gesijoto zikiongezeka bila kuzuiwa, ardhi iliyoganda karibu na uso ingeshuka kutoka kilomita za mraba milioni 10.5 hadi kama milioni 1 kufikia mwaka 2100. Magazeti yalilivalia njuga jambo hilo. Mwaka uliofuata watafiti waliozoea kufanya kazi kwenye ardhi yenyewe waliwakosoa: tabaka za udongo katika modeli ile ziliishia mita 3.43, na chini ya hapo hapakuwa na kitu, wakati ardhi halisi ina mita nyingi baridi zinazopooza joto linaloshuka. Tena haikuwa na matabaka ya mboji na kuvumwani ambayo hukinga udongo wa kaskazini. Watengenezaji hawakununa. Waliongeza kina, wakaongeza mboji, na Lawrence mwenyewe alikuwa mmoja wa walioandika matokeo mapya yaliyoonyesha ardhi ikiyeyuka polepole zaidi. Upungufu mkubwa haukuondoka, ila sasa ulikuwa na kasi inayoeleweka. Kosa lilijulikana kwa sababu kulikuwa na mashimo yenye vipimajoto ya kulinganishia. Pasipo mashimo hayo, modeli mbovu na modeli nzuri zingefanana.

Pingamizi jingine ni la wasomi. Georg Kaser, Thomas Mölg na wenzao wameonyesha kwamba barafu ya Kibo ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, Afrika Mashariki ilipokauka, na kwamba sehemu kubwa ya barafu hiyo hupotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja katika hewa kavu. Basi, wanasema wengine, Kilimanjaro si shahidi wa joto. Kuhusu barafu nakubali kwamba shahidi huyu ana maelezo mengi na anahitaji kuhojiwa kwa uangalifu. Ndiyo maana nataka shahidi wa pili. Ardhi iliyo mita kadhaa chini ya majivu haipungui kwa kukauka kwa hewa. Inapokea joto, inalitunza, na inasogea polepole. Theluji ikipungua nayo itaathirika, sikatai, lakini njia zake ni tofauti na za barafu iliyo wazi. Mashahidi wawili wanaofikia jambo moja kwa njia mbili tofauti wana uzito kuliko mmoja.

Sasa nifike Tegeta, kwa sababu nina hakika wapo wanaouliza tunahusika vipi. Lazima niseme kweli: ardhi iliyoganda ya Kibo ikiisha yote, gesijoto itakayotoka ni ndogo mno, maana majivu ya volkano hayana mabaki ya mimea ya kutajika. Wala maji ya bomba ya Moshi hayatakauka kwa sababu hiyo. Maji ya mlima ule kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvua na ukungu wa msituni, na anayeyahofia aulinde msitu dhidi ya moto. Linalotugusa pwani linatoka kaskazini ya mbali. Ardhi iliyoganda ya kaskazini imefungia kaboni kati ya tani bilioni 1,460 na 1,600, karibu mara 2 ya ile iliyoko hewani leo. Ikiyeyuka, vijidudu huanza kula mabaki ya mimea yaliyolala humo maelfu ya miaka, na kutoa hewa ya ukaa na methani. Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi, katika ripoti ya mwaka 2021, lilikadiria kwamba kila nyuzi 1 ya ongezeko la joto duniani itapunguza ujazo wa ardhi iliyoganda katika mita 3 za juu kwa asilimia 25 hivi, na kwamba kufikia mwaka 2100 itatoa hewa ya ukaa yenye kaboni tani bilioni 18 kwa kila nyuzi, ila huenda zikawa 3, huenda zikawa 41. Kiwanda cha saruji cha Mlima Wazo kilicho mbele yetu hutoa hewa ya ukaa pia, kwani jiwe la chokaa safi likichomwa tanurini kupata saruji hupoteza asilimia 44 ya uzito wake kwa njia hiyo. Lakini kiwanda kinaweza kuzimwa, kikabadilishiwa nishati au kikatozwa kodi. Udongo wa Siberia ukishaanza hakuna wa kuuzima, na joto utakalolileta litafika kwenye bahari ya Kunduchi na kwenye mvua za masika bila kuuliza nani alichafua kiasi gani, hata kama mchango wa Tanzania ni mdogo mno.

Kati ya 3 na 41. Pengo hilo huwachukiza watu, na wengine hulichukua kuwa ungamo la kutojua. Mimi nalichukulia kama taarifa yenye faida. Mwenye kupanga bajeti ya dunia ya gesijoto anajua kutokana nalo kwamba hawezi kuweka sifuri, na kwamba akiba yake lazima ihimili hali mbaya. Sehemu kubwa ya pengo hilo inatokana na yasiyopimwa vya kutosha: barafu iliyomo ndani ya udongo ni kiasi gani, na wapi ardhi itabomoka ghafla kuwa mabwawa badala ya kuyeyuka taratibu. Kubomoka huko kwa ghafla bado hakumo katika modeli nyingi za dunia. Pengo litapungua kwa kuchimba, kufukia vipimajoto na kusoma.

Kuna atakayesema: mitaro ya Tegeta haitoshi, mvua ikinyesha watu wanatoa maji ndani kwa ndoo, nawe unataka fedha za vipimajoto Kilimanjaro? Swali hili linauma, na halijibiwi kwa kusema sayansi ni muhimu. Lakini kalavati huchaguliwa ukubwa wake kwa hesabu ya mvua, na hesabu ya mvua ni modeli. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilipotoa tahadhari ya Kimbunga Hidaya kabla hakijafika pwani yetu tarehe 4 Mei 2024, ilitumia modeli zilizolishwa vipimo vya bahari na anga. Nchi isiyo na mazoea ya kupima huletewa namba na wengine, iwe ni namba ya mtaro au ya mlima, na hukosa uwezo wa kuzibishia. Isitoshe, gharama hazilingani hata kidogo: kipimajoto kinachojirekodi chenyewe ni kidogo kama kiganja, na wapagazi hupanda Kibo karibu kila siku ya mwaka. Wapagazi haohao ndio wenye haki ya kwanza ya matokeo. Januari 2006 mawe yalianguka kwenye njia ya Western Breach na kuwaua wapandaji 3 kutoka Marekani; mawe yale yalikuwa yameshikiliwa na barafu, na barafu ilipoachia yakaporomoka. Anayepita chini ya ukuta ule na mzigo kichwani anastahili kujua ukuta umeganda kwa kina gani mwaka huu kuliko mwaka jana.

Ninachokipendekeza kinaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja. Mstari wa vituo kutoka mita 4,000 hadi Shimo la Reusch, kila kimoja na vipimajoto katika kina tofauti hadi mita 3, pamoja na vipima unyevu, maana bila kujua maji yaliyomo hesabu ya kuyeyuka haiwezekani. Vifukiwe kwenye majivu meusi, kando ya barafu, na karibu na matundu ya mvuke, ili joto la jua litenganishwe na la volkano. Mamlaka ya Hali ya Hewa ivitunze pamoja na vituo vyake vingine, Shirika la Hifadhi za Taifa liweke sharti la usomaji katika ratiba za askari wake, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha vipewe data zote bila malipo, ziwekwe wazi mwezi uleule zinaposomwa. Yoshikawa na wenzake wametuachia mwanzo wa kulinganishia. Kila mwaka unaopita bila kusomwa hauwezi kupimwa tena baadaye, na viraka vile, kama vimekwama kwenye sifuri hivi sasa, huenda viko katika miaka yake ya mwisho ya kunyamaza kabla joto halijaanza kupanda.